Mteremko wa mstari

Mteremko wa mstari ni namba inayoonyesha mstari ulionyooka umeinama kiasi gani kwenye grafu. Hupatikana kwa kugawa badiliko la kimo kwa badiliko la umbali wa mlalo kati ya nukta mbili zozote za mstari huo. Kwa kawaida huwakilishwa na herufi m. Kwa nukta (x₁, y₁) na (x₂, y₂):

m = (y₂ − y₁) ÷ (x₂ − x₁)

Katika mazungumzo ya kila siku mteremko ni mahali pa kushuka. Pa kupanda huitwa mwinuko au mpando. Katika hisabati neno ni moja kwa hali zote mbili, na kinachozitofautisha ni alama. Mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia una mteremko chanya, unaoshuka una mteremko hasi. Tofauti hiyo inaweza kumchanganya mwanafunzi wa Tanzania, ambaye mara nyingi amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na hukutana na mada hii sekondari, kwa Kiingereza.

Mfano

Rasbura ni kata ya Manispaa ya Lindi, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi. Tuchukue barabara ya kufikirika hapo, iliyonyooka na inayoshuka kuelekea baharini. Herufi x ni umbali wa mlalo kutoka mwanzo wa barabara, na y ni kimo juu ya usawa wa bahari, vyote kwa mita. Barabara inapita nukta (20, 18) na (220, 8). Basi:

m = (8 − 18) ÷ (220 − 20) = −10 ÷ 200 = −0.05

Maana yake, kila mita 1 ya kwenda mbele barabara inashuka sentimita 5. Anayerudi kutoka pwani ataona ni mpando, lakini m haibadiliki: (18 − 8) ÷ (20 − 220) nayo ni −0.05. Alama hutokana na mhimili wa x, wala haitegemei mtembeaji anaelekea wapi. Kosa hutokea pale nukta moja inapotangulia juu na nyingine chini, yaani (8 − 18) ÷ (20 − 220). Jibu huwa 0.05, na barabara imegeuzwa kuwa ya kupanda.

Mlinganyo wa mstari huandikwa y = mx + c. Kwa nukta ya kwanza, 18 = −0.05 × 20 + c, hivyo c = 19. Barabara hiyo ingefika usawa wa bahari, y = 0, kwenye x = 380. (Fukwe halisi hazinyooki hivyo.)

Hali za pekee

Mstari wa mlalo una mteremko 0. Mstari wa wima hauna mteremko, kwa sababu x haibadiliki na haiwezekani kugawa kwa 0. Hali hizi mbili zisichanganywe. Mistari sambamba isiyo ya wima ina mteremko sawa. Miwili inayokatana kwa pembe mraba, kama hakuna ulio wima, zao la miteremko yake ni −1.