Ule "msitu" wa juu ya Moshi ni shamba la mtu!

Wadau, ukitoka Moshi mjini kwa mguu au baiskeli kupandisha Materuni au Shimbwe, utapiga picha ukidhani uko msituni. Wapi! Umo ndani ya kihamba. Juu miringaringa, chini yake migomba, halafu kahawa, chini kabisa magimbi. Ng'ombe yuko zizini, samadi yake inarudi kwenye migomba.

Maji je? Hapo ndo historia inaponoga. Wachagga walichimba mifongo, mifereji ya kuteremsha maji ya mito ya Kilimanjaro mpaka mashambani. Wazungu walipofika karne ya 19 waliikuta inafanya kazi. Majina ya wengi walioichimba huyaoni kitabuni, ila kazi yao unaivuka kila hatua.

Mwaka 2011 FAO iliitambua kihamba cha Shimbwe Juu kama urithi wa kilimo duniani. Lakini kila mzee akigawia watoto, kihamba kinazidi kuwa kidogo, miti inakatwa, nyumba zinapanda.

Na kwenye vihamba vingi wazee wamezikwa humohumo. Kwa hiyo piga hodi kwanza, selfi baadaye.

Kwenu kihamba bado kipo, au kishageuka viwanja?