Kuuliza si ujinga: kesi ya Socrates kwa anayeanza falsafa

Neno "falsafa" linatisha watu. Ukilitaja kijiweni, mmoja anafikiria vitabu vinene visivyosomeka, mwingine anasema hiyo ni kazi ya watu wasio na kazi. Lakini wapo wenzangu wanaotaka kweli kujua mtu akitaka kuanza aanzie wapi. Jibu langu ni fupi: aanzie mahakamani.

Mahakama yenyewe ilikaa Athens, Ugiriki, mwaka 399 kabla ya Kristo. Mshtakiwa alikuwa mzee wa miaka 70 aitwaye Socrates, baba yake fundi mawe na mama yake mkunga. Alikuwa amepigana vitani kama askari wa miguu wa mji wake. Hakuwa na shule, hakutoza ada, wala hakuandika kitabu hata kimoja. Mengi tunayoyajua juu yake yametoka kwa vijana wawili waliomfuata, Plato na Xenophon. Kazi yake ilikuwa kuzunguka sokoni na kwenye viwanja vya mazoezi, akikutana na mtu anayejidai kujua jambo anamsimamisha na kumwuliza maswali mpaka jamaa anaona aibu.

Washtaki walikuwa watatu: Meletus, Anytus na Lycon. Walidai kwamba haitambui miungu ya mji, analeta miungu mipya, na anaharibu vijana. Usifikirie hakimu mmoja aliyevaa joho. Waliosikiliza kesi walikuwa raia wapatao 500, waliopatikana kwa bahati nasibu, na kila kitu kilimalizika ndani ya siku moja.

Kwa nini mji uliojivunia demokrasia umshtaki mzee kwa kuuliza maswali? Lazima tuangalie miaka michache ya nyuma. Mwaka 404 K.K. Athens ilikuwa imeshindwa vita vya miaka 27 dhidi ya Sparta. Genge la watu 30 likashika madaraka kwa msaada wa Sparta na kuua raia wengi. Kiongozi wao mmoja, Critias, aliwahi kuwa karibu na Socrates. Alcibiades, kijana mwingine wa kundi hilo hilo, alikuwa amehamia kwa adui katikati ya vita. Demokrasia ilirudi mwaka 403 K.K., lakini mji ulikuwa na kidonda kibichi. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama kesi ile ilikuwa ya dini au ya siasa iliyovaa kanzu ya dini.

Haya, maswali yenyewe ni yapi? Nayapanga kwa namna ambayo mtu anayeanza anaweza kuyabeba.

La kwanza: kitu hiki ni nini hasa? Katika maandishi ya Plato, Socrates anawauliza majenerali wawili, Laches na Nicias, ushujaa ni nini. Laches anaona ni swali rahisi: shujaa ni yule anayebaki kwenye mstari asikimbie. Socrates anamwuliza, na wale wanaorudi nyuma kwa mbinu kisha wakageuka na kushinda, wao si mashujaa? Mazungumzo yanaisha bila jibu. Watu waliotumia maisha yao vitani wanashindwa kusema ushujaa ni nini! Badilisha neno hilo, weka "maendeleo", "uhuru" au "haki", maneno tunayoyasikia kila siku kwenye redio, uone kama sisi tutafika mbali zaidi.

La pili: tunajuaje kwamba tunajua? Hapa Socrates anamwita kijana mtumwa ambaye hajawahi kufundishwa hesabu. Anamchorea mraba ardhini, kila upande futi 2, eneo lake futi za mraba 4. Anamwambia atafute mraba wenye eneo mara mbili, yaani 8. Kijana anajibu haraka: refusha upande mara mbili. Wanachora, eneo linatoka 16. Anajaribu futi 3, linatoka 9. Sasa anakiri kwamba hajui. Socrates anafurahi, kwa sababu aliyekiri hajui ndiye anayeweza kuanza kutafuta. Kwa kuulizwa tu, kijana anaona kwamba upande wa mraba mpya ni ule mstari unaokata mraba wa kwanza kutoka kona hadi kona. Jibu hilo hakulipokea kwa sababu mkubwa kasema. Ameliona kwa akili yake. Na tusisahau jambo moja: Plato hakutupa hata jina la kijana huyo. Athens ile ya demokrasia ilikuwa na watumwa, na wanawake hawakupiga kura.

La tatu: wema unatoka wapi? Akisubiri hatua za kwanza za kesi yake, Socrates anakutana na Euthyphro, anayemshtaki baba yake mzazi kwa kifo cha kibarua. Euthyphro ana hakika kwamba anafanya jambo takatifu. Socrates anamwuliza: jambo ni takatifu kwa kuwa miungu inalipenda, au miungu inalipenda kwa kuwa ni takatifu? Msomaji wangu, uwe Mwislamu, Mkristo au huna dini, swali hili halikuachi salama. Ukisema jema ni jema kwa kuwa limeamriwa tu, je, lingeamriwa kinyume chake? Ukisema ni jema lenyewe, basi una kazi ya kueleza kwa nini.

La nne ndilo linaloniumiza kichwa zaidi: raia anaweza kukataa amri lini? Wale watawala 30 walimwagiza Socrates na wenzake wanne wakamkamate mtu aitwaye Leon wa Salamis ili auawe. Wanne wakaenda, yeye akarudi nyumbani kwake. Mahakamani alisema kwamba hata wakimwachia kwa sharti la kunyamaza, hatanyamaza. Kumbe ni mtu wa kukaidi, si ndiyo? Subiri. Baada ya hukumu, rafiki yake Crito alimfuata gerezani alfajiri, fedha za kumtorosha zikiwa tayari. Socrates alikataa. Alisema ameishi miaka 70 chini ya sheria za mji huo, akalea watoto humo, na hawezi kuzikimbia siku zilipomgeuka. Je, anajipinga mwenyewe? Wengine wanasema ndiyo. Wengine wanasema alikataa kutenda uovu lakini akakubali kuupokea. Mwaka 1963, akiwa gerezani Birmingham, Marekani, Martin Luther King alimtaja Socrates katika barua yake ya kutetea uvunjaji wa sheria za kibaguzi.

Hukumu ilikuwaje? Kwa maelezo ya Plato, kama kura 30 tu zingehama, mzee angeachiwa. Akapewa sumu ya mmea, akainywa mbele ya rafiki zake.

Neno "falsafa" lenyewe linatoka kwa Wagiriki hao, maana yake kupenda hekima. Waarabu walilichukua walipotafsiri vitabu vya Kigiriki, hasa Baghdad katika karne ya 9, na Kiswahili kikalipokea kutoka Kiarabu. Lakini kuna watu waliodai kwamba neno tumelipata, kitu chenyewe hatukuwa nacho, kwa kuwa wazee wetu hawakuandika. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi hakukubali. Yeye na wenzake waliwafuata wazee vijijini Kenya na kuwahoji, na mwaka 1990 akachapisha kitabu juu ya kazi hiyo. Aliwatenganisha wazee wa aina mbili: anayejua mila na kuzieleza vizuri, na yule anayethubutu kuzipima kwa sababu zake mwenyewe, hata kuzikosoa. Huyu wa pili ndiye aliyemwita mwanafalsafa. Kama kutoandika kunamwondoa mzee wa kijijini, kunamwondoa na Socrates.

Kwa hiyo anayeanza falsafa asihofu vitabu vinene, vitakuja baadaye. Achukue jambo moja analoliamini sana, amwombe rafiki amwulize "kwa nini" mara tatu, na asikasirike. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Watu wa Athens nao walikuwa na nafasi ya kuliona hilo, na kura 30 zikakosekana.