Kuhusu si Kufikia: Historia ya Swali Moja la Nywila

KUNA sentensi ambayo kila msomaji wa ukumbi huu anayefanya kazi ofisini amewahi kuipokea, ama kwa waraka ama kwa baruapepe: kuanzia tarehe fulani, watumiaji wote wa mtandao wetu watatakiwa kuwa na nywila yenye herufi zisizopungua idadi fulani. Kisarufi, sentensi hiyo haina dosari. Kihistoria, imebeba utata mkubwa, na utata wenyewe umejificha katika neno dogo "wote". Wote ni kina nani? Na aliyeiandika amehakikisha vipi?

Nasema nywila. Wengine wanasema nenosiri, na wapo wanaoshikilia neno la siri. Ugomvi huo sitauamua leo, ila nitakiri kwamba neno la siri lina sifa moja ambayo nywila haina: linatukumbusha jeshi, na ni katika jeshi swali langu lilipoulizwa, na kujibiwa vizuri, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Mwanahistoria Polybius, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 2 kabla ya Kristo, anaeleza jinsi neno la siri la usiku lilivyosambazwa katika kambi ya jeshi la Roma. Jua likitua, askari aliyeteuliwa kutoka kikosi cha 10, kile kilichopiga hema mwisho kabisa wa safu, alikwenda kwenye hema la afisa mkuu akapewa kibao chenye neno limeandikwa juu yake. Alirudi kwao, kisha akamkabidhi kibao kamanda wa kikosi jirani mbele ya mashahidi. Huyo naye alimpa jirani yake, na jirani akampa wa kwake, hadi kibao kikafika kikosi cha kwanza, kile kilichokuwa karibu na mahema ya maafisa. Kutoka hapo kilirudishwa kwa afisa mkuu kabla giza halijaingia.

Ukiutazama mpango huo kwa makini utaona kwamba neno lenyewe halikuwa na uzito mkubwa. Kesho yake lingebadilishwa hata hivyo. Uzito ulikuwa katika kurudi kwa kibao. Vibao vyote vikirudi, afisa alijua kwamba kila kikosi kimelipata neno. Kimoja kikikosekana, alama zilizokuwa juu ya vibao zilimwonyesha ni upande upi wa kambi haujarudisha, uchunguzi ukaanza papo hapo, na aliyezembea akaadhibiwa. Afisa hakutosheka na kutoa amri tu. Alikuwa na njia ya kujua amri imefika wapi na imekwama wapi.

Kiswahili kinatupa vitenzi viwili vya kutenganisha mambo haya: kuhusu na kufikia. Amri inaweza kumhusu mtu bila kumfikia. Sheria ya kodi inamhusu mfanyabiashara aliye kijijini hata kama hajawahi kuisikia. Warumi walilijua hilo, wakatengeneza kibao. Sisi wa zama za kompyuta tulichukua neno la siri lakini kibao tukakisahau, na kukirudisha kumetuchukua miaka mingi.

Neno la siri la kale lilikuwa mali ya kundi. Kambi nzima ilikuwa na neno moja kwa usiku mmoja. Wakati mwingine hata halikuwa siri: wale Waefraimu wa Kitabu cha Waamuzi walijua vizuri neno walilotakiwa kulitamka kwenye vivuko vya Yordani, ila ndimi zao zilisema "s" pale penye "sh", na kundi lao likajulikana. (Wanaisimu wenzangu hupenda mno kisa hicho, na wanafunzi wao wamekichoka.) Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka wa 1961 katika chuo cha MIT nchini Marekani, pale Fernando Corbató na wenzake walipoonyesha mfumo wa CTSS uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kila mtumiaji alikuwa na mafaili yake na mgao wake wa muda, kila mmoja alihitaji neno lake mwenyewe. Siri ya kundi ikawa siri ya mtu binafsi.

Siri hizo ziliwekwa mahali pamoja, ndani ya faili moja, na mambo yakaharibika mapema. Mwaka wa 1962 mwanafunzi wa uzamifu, Allan Scherr, alitaka muda zaidi ya mgao wake, akaiagiza kompyuta imchapishie faili lote la nywila. Ikamchapishia. Mwaka wa 1966 faili hilo lilibadilishana nafasi na faili la tangazo la siku, na kila aliyeingia kwenye mfumo akasalimiwa na nywila za wenzake wote. Corbató mwenyewe alikisimulia kisa hiki cha pili katika mhadhara aliotoa alipopokea Tuzo ya Turing.

Hata hivyo, katika enzi hiyo hapakuwa na kanuni ya kusema nywila iweje. Mtu alichagua alichotaka, na alichotaka kilikuwa kifupi. Mwaka wa 1979 Robert Morris na Ken Thompson, watafiti wa Bell Labs, walichapisha makala kuhusu nywila 3,289 walizokusanya. Kati ya hizo, 15 zilikuwa za herufi moja tu. Herufi moja! Nyingine 72 zilikuwa na herufi mbili, 464 zilikuwa na tatu, na 492 zilipatikana ndani ya kamusi na orodha za majina. Kwa jumla, asilimia 86 zilikuwa dhaifu kwa namna moja au nyingine. Tiba waliyoieleza ni programu iliyomsihi mtumiaji aongeze urefu. Nasema kumsihi kwa makusudi, kwa sababu kusihi na kulazimisha ni mambo mawili.

Tarehe 2 Novemba 1988 programu haribifu ilisambaa katika intaneti ya wakati huo, na mojawapo ya silaha zake ilikuwa orodha ya maneno 432 ya kubahatisha nywila za watu. Aliyeitengeneza ni Robert Tappan Morris, mwanawe Robert Morris yule yule wa makala ya 1979. Historia ina mzaha wake. Baada ya hapo taasisi nyingi ziliacha kusihi zikaanza kulazimisha: herufi kubwa, tarakimu, alama, badilisha kila baada ya siku 90. Kwamba baadhi ya masharti hayo yalikuwa usumbufu mtupu ni suala lililokwisha kusemwa, na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kuyapendekeza mwaka wa 2017. Jambo linalonishughulisha mimi ni lingine: yalimfikia nani?

Hapa inabidi tuingie jikoni kidogo. Mwaka wa 2000 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 2000 na ndani yake Active Directory, daftari kuu la watumiaji ambalo hadi leo linatumika katika ofisi nyingi duniani, za kwetu zikiwemo. Watumiaji hupangwa ndani ya eneo moja la utawala ambalo waliotafsiri istilahi za kompyuta wameliita kikoa. Nawapongeza kwa chaguo hilo. Wazee wa pwani wanajua kula kikoa ni nini: watu kula pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Na katika Windows 2000, wote wa kikoa kimoja walikula chakula kimoja cha nywila. Kanuni ilikuwa moja tu kwa kikoa kizima, kuanzia mkurugenzi hadi kibarua wa wiki mbili.

Msimamizi wa mfumo angeweza kugawa kikoa katika vitengo, mathalani kitengo cha fedha na kitengo cha maktaba, na kukipachikia kitengo kanuni zake. Zana ya kufanyia hivyo inaitwa Group Policy, yaani Sera ya Kikundi, ingawa haipachikwi kwa vikundi. Basi msimamizi angeandika kanuni kali ya nywila, akaipachika kwa kitengo cha fedha, na mfumo ukaipokea bila kulalamika. Lakini kanuni hiyo haikuwagusa wahasibu hata kidogo walipoingia kwa akaunti zao za kikoa. Iligusa tu akaunti za ndani ya kompyuta zilizowekwa katika kitengo hicho, zile ambazo karibu hakuna anayezitumia. Kanuni ilikuwepo na ilisomeka, na iliwahusu wahasibu kwa nia ya mwandishi wake. Haikuwafikia.

Dawa ilikuja na Windows Server 2008. Sasa kikoa kimoja kingeweza kuwa na kanuni nyingi za nywila, kila moja ikielekezwa kwa mtumiaji au kwa kikundi. Si kwa kitengo! Hebu tusimame hapo, kwa sababu huu ni mtego wa lugha. Katika Kiswahili cha kila siku kikundi na kitengo hubadilishana nafasi bila mtu kujali. Katika daftari hili, kitengo ni kama droo: akaunti hukaa ndani ya droo moja tu. Kikundi ni kama chama: mtu mmoja anaweza kuwa mwanachama wa vyama kumi. Tena si kila aina ya kikundi inayokubalika. Kanuni ikielekezwa kwa kikundi cha aina isiyofaa, wanachama wake hawaguswi, na mfumo hausemi kitu.

Na kwa kuwa mtu ni mwanachama wa vikundi vingi, kanuni mbili zaweza kumwangukia kwa pamoja. Kila kanuni ina namba ya kipaumbele, na yenye namba ndogo ndiyo inayoshinda. Iliyoelekezwa kwa mtu mwenyewe hushinda ile inayomjia kupitia kikundi. Nadhani mawakili wetu wangeuelewa mpangilio huu haraka kuliko wataalamu wa kompyuta.

Kilichonifurahisha mimi kama mwanafunzi wa historia ni kwamba pamoja na hayo kibao cha Polybius kilirudi. Mwaka wa 2009, katika toleo lililofuata, wasimamizi walipewa amri mbili za kuuliza. Ya kwanza huanzia kwenye kanuni: wewe kanuni, umeelekezwa kwa watumiaji gani na vikundi gani? Ya pili huanzia kwa mtu: wewe mtumiaji, ni kanuni ipi hasa iliyokushinda? Majibu ya maswali hayo hayalingani, na anayeuliza la kwanza pekee bado yuko gizani. Swali la pili nalo laweza kurudisha ukimya. Ukimya huo haumaanishi kwamba mtu huyo hana kanuni. Maana yake ni kwamba hakuna kanuni maalumu iliyomfikia, na kwa hiyo yuko chini ya ile ya jumla ya kikoa, ambayo mara nyingi ndiyo legevu zaidi.

Kuna na matundu mengine. Urefu mpya wa nywila haumgusi mtu hadi siku atakapobadilisha nywila yake. Akaunti iliyotiwa alama kwamba nywila yake haiishi muda haitafikia siku hiyo kwa shuruti. Na daima zipo akaunti zisizo na binadamu, zile zinazoendesha printa na hifadhidata, ambazo hakuna anayezikumbuka waraka unapoandikwa.

Anayedhani haya ni mambo madogo na akumbuke Mei 2021, wakati kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, yenye bomba la mafuta la takriban kilomita 8,850, ilipolifunga baada ya kuvamiwa na wahalifu wa mtandaoni. Ililipa fidia ya takriban dola milioni 4.4. Mkuu wake alipohojiwa na Seneti mwezi uliofuata alisisitiza kwamba nywila iliyotumiwa na wavamizi ilikuwa ngumu, si ya kubahatisha. Tatizo lilikuwa kwamba akaunti yenyewe ilikuwa ya njia ya kale ya kuingilia mtandao, iliyodhaniwa haitumiki tena, na haikuwa na ulinzi wa hatua ya pili. Nywila ngumu, ndiyo. Lakini mlango wenyewe ulikuwa umebaki nje ya orodha.

Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu achukue hatua zinazofaa za kiufundi na za kiutawala kuzilinda. Alama za wanafunzi ni taarifa za watu. Hivi karibuni, katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, nilimuuliza kijana wa idara ya teknolojia kanuni mpya ya nywila inawahusu kina nani. "Wote, Prof," akanijibu bila kusita. Nikamwomba atoe orodha. Alikuwa muungwana, akakaa akaandika ile amri ya kwanza. Jibu lilikuwa mstari mmoja: kikundi cha wahadhiri wa kudumu. Wahadhiri wa vibarua, ambao ndio wanaosahihisha na kuingiza sehemu kubwa ya alama, walikuwa katika kikundi kingine kabisa.

"Basi tuwaongeze," nikasema.

"Tutawaongeza, Prof. Lakini kwanza inabidi msajili aniambie ni kina nani kati ya hawa bado wako kazini." Akashusha ukurasa kwenye skrini, na majina yakazidi kushuka. Mawili kati yao niliyajua, na wenyewe tulishawazika.