Kuwianisha si Kukuza

Mtu akiunganisha kompyuta mpakato na skrini ya nje ya 4K, maandishi huwa madogo kama sisimizi. Huingia kwenye mipangilio, akachagua ukubwa unaoyafaa macho yake, na mara nyingine baada ya hapo mashine huwa nzito: madirisha yanaburuzika kwa shida, mshale wa kipanya unakwamakwama. Tukimwambia kwamba amefanya "ukuzaji wa skrini", tumemficha chanzo cha uzito huo. Neno kukuza humfanya adhani kwamba picha iliyokwisha kuchorwa imetandazwa tu.

Tuchukue mfumo wa macOS. Skrini ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, takribani milioni 8.3. Mtumiaji akichagua mwonekano wa 2,560 kwa 1,440, mfumo hauchori kwa kipimo hicho, wala kwa kipimo cha skrini yenyewe. Uwiano wa 1.5 ungeuacha mstari wa pikseli moja ukidai pikseli moja na nusu, na nusu ya pikseli haipo. Kwa hiyo huchora maradufu kila upande, 5,120 kwa 2,880, zaidi ya pikseli milioni 14.7, kisha huipunguza picha nzima hadi itoshee. Panapokuwa na mwendo, kwa skrini inayochorwa upya mara 60 kwa sekunde, yote hayo yanatakiwa kukamilika ndani ya milisekunde 16.7 hivi. Hatua ya mwisho ya huko kunakoitwa kukuza, basi, ni kupunguza! Ndiyo maana natetea neno kuwianisha: linataja uhusiano wa vipimo viwili, uwe wa kupanda au wa kushuka. Mzizi wake twaujua tangu hesabu za shuleni, na linazaa bila taabu: uwianishaji, iliyowianishwa, uwiano kamili (wa namba nzima, kama 2), uwiano wa sehemu (kama 1.5).

Atakayesema kwamba skeli linatosha, kwa kuwa tumelizoea kwenye ramani, ana haki nusu. Skeli linafaa kwa tarakimu, kama skeli ya asilimia 150, lakini ni jina lisilotupa kitenzi. Mwingine atasema kuwianisha tayari ni la sheria na takwimu. Huko nako maana ni ileile, kuvipatanisha vitu viwili kwa kipimo, na muktadha utatenganisha. Kukuza libaki kwa picha inayovutwa kwa vidole viwili kwenye simu. Skrini iliyosimikwa wima nayo tuiite iliyogeuzwa, si iliyozungushwa, maana haizunguki. Pale ambapo maunzi hayawezi kuigeuza picha yenyewe, kadi ya michoro hulazimika kuinakili upya ikiwa imegeuzwa, na hiyo ni kazi ya ziada juu ya ile ya kuwianisha.

Nawaomba wanaotafsiri menyu za mipangilio waandike "uwiano kamili" na "uwiano wa sehemu" waziwazi. Mwenye skrini ya 4K inayokwama atajua ajaribu kwanza uwiano kamili wa 2, ambao huchora pikseli 3,840 kwa 2,160 zilezile za skrini, bila kupunguza chochote.