Hewa ya Jenereta Garini: Mzunguko au Mkondo?

Fundi anayefunga jenereta nyuma ya gari la matangazo huwaza kelele kwanza. Anaizungushia sanduku la bati, anabandika sponji, anafunga mlango. Baada ya muda injini imepata moto kupita kiasi, spika kimya. Wenzake watasema jenereta "imekosa pumzi". Wamekaribia. Ila pumzi ni hewa ya kuchomea mafuta. Iliyokosekana hapa ni ile inayobeba joto kulitoa nje, nayo huhitajika kwa wingi mara nyingi zaidi ya hiyo.

Kwa hewa hiyo tumezoea kusema "mzunguko wa hewa", msamiati wa mabwana afya wanapokagua madarasa na mabweni. Huko haudhuru. Kwa jenereta, hilo ndilo jina la ugonjwa wenyewe: hewa iliyokwisha kupashwa inazunguka sandukuni na kurudi kwenye feni, kila safari ikiwa ya moto zaidi. "Mtiririko" umo vitabuni, lakini kutiririka ni kwa maji yanayojiendea mteremkoni, na hewa hii huvutwa kwa feni. Mimi nasimama na "mkondo". Mabaharia wanajua mkondo una utokako, una uendako, na una nguvu.

Nasema "mkondo wa kutosha wa hewa ya kupozea", ingawa "kupoza" tayari ina shughuli nyingine: kituo cha kupoza umeme hupunguza volti, si joto.

"Wa kutosha" ndiyo sehemu yenye hesabu. Mita moja ya ujazo ya hewa ikipanda nyuzi 1 ya Selsiasi hubeba takriban kilojuli 1.2. Injini ikitema kilowati 6 za joto, nasi tukikubali hewa ipande nyuzi 15, inatakiwa theluthi moja ya mita ya ujazo kila sekunde. Yaani sanduku la nusu mita ya ujazo libadilishe hewa yake yote kwa sekunde moja na nusu! Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Mombasa, itatakiwa zaidi.

Tundu la kutokea lisielekee mbele, maana upepo wa safari utausukuma mkondo ndani. Bomba la moshi lipite njia yake, mbali na abiria.

Kisha tundika kipimajoto penye feni. Kikisoma sawa na nje, una mkondo. Kikipanda mbali, una mzunguko, panua matundu.