Sarafu za Kale: Zimetoka Wapi?

Ninyi nyote mnaijua ile dinari ambayo Bwana wetu Yezu Kristu aliletewa, akaulizia sura iliyochorwa juu yake. Dinari za Kaisari Tiberio hazikupotea zote. Nyingi zingaliko hata leo, nazo huuzwa na kununuliwa. Kila mwaka, katika mwezi wa Januari, wachuuzi wa sarafu za kale kutoka nchi nyingi hukutana New York, katika Marekani, wakapanga meza zao ndani ya hoteli kubwa. Juu ya meza hizo mtu ataona feza za Waroma, feza za Wagreki, na zahabu za wafalme wa Bizanti. Mnunuzi huishika sarafu ukingoni kwa vidole viwili, huipima katika mizani, kisha huitazama kwa kioo cha kukuzia.

Anatafuta nini? Kwanza anauliza: Je, ni ya kweli? Ni swali la akili. Mafundi wa kale waliweka kipande cha feza kati ya mihuri miwili, wakakipiga kwa nyundo. Lakini mwenye kuiga mara nyingi huyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu. Kwa hiyo huacha mstari ukingoni, au vitundu vidogo usoni. Wengine ni werevu zaidi. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyekufa mwaka 1830, alichonga mihuri mwenyewe akatengeneza mamia ya sarafu za uongo. Inasimuliwa kwamba alizitia katika sanduku pamoja na unga wa chuma na mafuta, akalifunga chini ya gari lake la farasi, akaenda kutembea, ili sarafu mpya zirudi zimechakaa kama za kale.

Lakini kuna swali la pili, ambalo wengi hawapendi kuliuliza: Sarafu hii imetoka wapi?

Mwezi wa Januari 2012, katika maonyesho yale ya New York, daktari mmoja mpasuaji, mkusanyaji mwenye sifa kubwa, alishikwa na polisi. Alikuwa anauza sarafu za feza za Wagreki wa kale wa Sisilia. Moja yake ilitakiwa kulipwa dola zaidi ya 300,000. Alikuwa amemwambia mnunuzi kwamba anajua sarafu ile imechimbwa siku za karibuni. Basi, tangu mwaka 1909 sheria ya Italia inasema kwamba vitu vya kale vinavyofukuliwa katika ardhi ni mali ya serikali. Kumbe, wataalamu walipozichunguza sarafu zile kwa chombo chenye nguvu nyingi cha kukuzia, waliona kwamba ni za kuigwa! Daktari alifikiri anauza mali ya wizi, naye alikuwa anauza mali ya uongo. Mwezi wa Julai mwaka uleule alikiri kosa mbele ya hakimu. Alitozwa faini, tena aliamriwa kuandika makala katika gazeti la wakusanyaji, kuwaonya wenzake juu ya sarafu zisizojulikana zilikotoka.

Labda msomaji atasema: Kipande kidogo cha feza kikitolewa shambani usiku, hasara ni ya nani? Jibu tunalo hapahapa Kongo. Katika miaka ya 1957 na 1958, wataalamu walichimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika Katanga. Walikuta misalaba ya shaba pamoja na mifupa ya wafu. Hawakuitia tu katika gunia. Waliandika kila msalaba ulilala mahali gani, karibu na mkono au kiunoni, na ulikuwa na ukubwa gani. Kwa kazi hiyo, na kwa ile iliyofuata baadaye, ilijulikana kwamba katika makaburi ya zamani zaidi misalaba ilikuwa michache, na katika yale ya baadaye ilikuwa mingi, midogo, yenye kulingana. Hivyo tukajua kwamba shaba ile ilikuja kuwa feza ya biashara, karne nyingi kabla ya franka kufika. Kama mwizi angalipita kwanza, misalaba ingalikuwapo leo juu ya meza ya mchuuzi fulani, mizuri ya kutazama, lakini bubu. Ardhi ndiyo ushahidi wake.

Ndiyo maana mwaka 1970 mataifa yalipatana Paris, katika UNESCO, kuzuia biashara ya mali ya kale iliyotolewa kwa siri. Mnunuzi mwaminifu hudai karatasi: nani aliiuza sarafu zamani, mwaka gani, ilichapwa katika kitabu gani cha mnada. Kama mchuuzi anajibu kwa kucheka tu, mnunuzi huirudisha sarafu mezani.

Nasi tusidhani jambo hili ni la matajiri wa mbali. Mwenye kulima akigonga kwa jembe msalaba wa shaba au chungu cha kale, asikitoe haraka. Aache kitu mahali pake, aweke alama, awaarifu walimu na wakubwa. Anayeuza kitu kile njiani hupata feza ya siku mbili. Lakini habari za babu zetu, zikisha kutawanyika, hakuna bei itakayozirudisha.