Iliungua au Ilichomwa? Historia ya Sheria ya Uchomaji Moto na Upelelezi Wake katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Sheria za Kenya na Uganda kuhusu uchomaji moto wa majengo zina asili moja na adhabu moja. Hata hivyo, usawa huo wa maandishi haujarahisisha kazi ya kuupeleleza moto unaotiliwa shaka katika eneo la mpaka. Makala haya yanafuatilia historia ya sheria hizo tangu enzi ya ukoloni, kisha yanaangalia tukio la mwaka 2008 ambapo wakimbizi wa Kenya walipokelewa wilayani Tororo. Hoja kuu ni kwamba ushahidi wa moto hupotea mara mbili: shahidi anapotenganishwa na majivu, na kitenzi chake kinapotafsiriwa.

1. Utangulizi

Moto ni kosa la ajabu kwa mpelelezi. Mwizi huacha mlango uliovunjwa. Moto huteketeza mlango, kufuli na nyayo za aliyepita. Nyumba ya nyasi ikishakuwa majivu, kibatari kilichoanguka na kiberiti kilichowashwa kwa makusudi huacha mabaki yanayokaribia kufanana. Kwa hiyo, penye uhaba wa uchunguzi wa kimaabara, kesi husimama juu ya maneno ya mashahidi. Busia na Tororo ni mahali pafaapo kulichunguza jambo hili. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za soko, za kituo cha forodha na za kituo cha polisi.

2. Mpaka uliochorwa, sheria zilizobaki pacha

Hadi mwaka 1902, sehemu kubwa ya Magharibi mwa Kenya ya leo ilikuwa Jimbo la Mashariki la Himaya ya Uganda. Mwaka huo jimbo hilo lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na jamaa wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya tawala mbili. Sheria ya jinai haikutengana kwa kiasi hicho. Mwanzoni, pande zote mbili zilitumia Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, ambayo iliuweka moto chini ya kosa pana la uharibifu wa mali. Mwaka 1930, Kenya na Uganda zilipata kanuni mpya zilizotungwa kwa kigezo kimoja cha Wizara ya Makoloni ya Uingereza, na uchomaji moto ukawa kosa linalojitegemea.

Urithi huo ungalipo. Kifungu cha 332 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamtia hatiani anayechoma jengo kwa makusudi na kinyume cha sheria, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Kifungu cha 327 cha Kanuni ya Uganda, kwa mpangilio wa toleo la 2000, kinasema karibu maneno yale yale na kutoa adhabu ile ile. Jaribio la kutenda kosa hilo lina adhabu isiyozidi miaka 14 katika nchi zote mbili.

Sharti la pili katika tamko hilo, yaani kinyume cha sheria, lina historia yake. Vikosi vya kikoloni vilivyotumwa kuwaadhibu Wanandi mwaka 1905 na 1906 vilichoma makazi yao, na moto huo haukuhesabiwa kosa kwa kuwa dola ndiyo iliyouwasha. Basi tangu mwanzo, swali la sheria halikuwa tu kama nyumba imeteketea. Lilikuwa nani aliyeiteketeza, kwa nia gani na kwa mamlaka ya nani.

3. Nani huupeleleza moto?

Sheria ni pacha, lakini taasisi zimeachana. Nchini Uganda, huduma ya zimamoto ni kurugenzi ndani ya Jeshi la Polisi. Anayezima moto na anayeupeleleza wako chini ya mkuu mmoja. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 iliikabidhi huduma ya zimamoto kwa serikali za kaunti, huku upelelezi ukibaki kwa polisi wa taifa. Katika mji wa Busia upande wa Kenya, mtu wa kwanza kuona moto ulianzia chumba gani ni mwajiriwa wa kaunti, na anayehitaji kujua hilo ni afisa wa Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai. Pasipo utaratibu ulioandikwa wa kupokezana taarifa, alichokiona wa kwanza huweza kusombwa pamoja na maji ya bomba lake.

4. Majivu Kenya, mashahidi Tororo

Udhaifu huo ulijidhihirisha kwa kiwango kikubwa baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007. Katika ghasia zilizofuata, moto ulikuwa silaha. Tume ya Jaji Philip Waki ilitaja vifo 1,133 na uharibifu wa mali za watu binafsi 117,216. Watu wapatao 12,000 walivuka mpaka, wengi wao kupitia Busia na Malaba. Wengi walipokelewa Mulanda, wilayani Tororo, kisha baadhi yao wakahamishiwa Kiryandongo, mamia ya kilomita kutoka katika viwanja vya nyumba zao.

Kwa jicho la msaada wa kibinadamu, hao walikuwa wakimbizi. Kwa jicho la upelelezi, walikuwa pia mashahidi. Walijua nani alikuja, saa ngapi, akiwa na nini mkononi. Lakini polisi wa Uganda hawakuwa na mamlaka juu ya kosa lililotendeka Kenya, na polisi wa Kenya hawakuwa na mamlaka ya kuandikisha taarifa Tororo bila ridhaa ya wenyeji. Kenya ina sheria ya kuwarejesha watuhumiwa kati yake na nchi jirani. Kumrejesha mtuhumiwa, hata hivyo, ni jambo moja, na kuhifadhi kumbukumbu ya shahidi kabla haijachakaa ni jambo jingine.

Matokeo ya upelelezi dhaifu yalionekana mahakamani. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi Aprili 2009, Jaji David Maraga wa Mahakama Kuu ya Nakuru aliwaachilia huru washtakiwa wanne wa mauaji hayo kwa kukosekana ushahidi wa kutosha, na akawakosoa polisi kwa upelelezi hafifu. Hakuna aliyebisha kwamba kanisa lilichomwa. Kilichokosekana ni daraja kati ya moto na mkono.

5. Kitenzi katika taarifa ya shahidi

Daraja hilo huanza kujengwa, au kubomolewa, katika sentensi ya kwanza ya shahidi. Kiswahili kina hazina ya vitenzi inayotenganisha kile ambacho sheria inataka kitenganishwe. Anayesema nyumba iliungua anaeleza tukio bila kumtaja wala kumdokeza mtendaji. Anayesema ilichomwa amekwisha kudai kwamba mtendaji yupo, hata kama hamtaji. Anayesema nilichomewa nyumba ameongeza dai la tatu: kwamba tendo lilimlenga au lilimdhuru yeye. Kinyume chake, aliyeunguliwa na nyumba amepata hasara bila kumshuku mtu.

Taarifa hizo zinapoandikwa kwa Kiingereza, kauli zote nne zinaweza kumalizikia katika sentensi moja isiyobainisha iwapo mtendaji yupo. Hakimu husoma tafsiri. Wakili wa utetezi humhoji shahidi kwa Kiswahili. Tofauti inayozuka kizimbani huonekana kama uongo wa shahidi, ilhali ni kosa la mwandishi.

Tahadhari inahitajika hapa. Kitenzi si ushahidi wa kosa. Mtu anaweza kusema ilichomwa kwa sababu amesikia hivyo msibani, au kwa sababu ana ugomvi wa mpaka wa shamba. Thamani ya kitenzi ni kumwelekeza mpelelezi kwenye swali linalofuata: umejuaje kuwa ilichomwa? Swali hilo haliulizwi pale ambapo kitenzi kimekwisha kufutwa.

6. Hitimisho na mapendekezo

Misingi ya kurekebisha hali hii ipo. Sheria ya mwenendo wa jinai ya Kenya inaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini. Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya 2005. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikikubali kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021. Wakuu wa polisi wa kanda wana shirika lao la ushirikiano tangu 1998.

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, taarifa ya shahidi wa moto iandikwe kwa lugha aliyoisema, na tafsiri iambatanishwe badala ya kuchukua nafasi yake. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iandae faharasa ya istilahi za upelelezi wa moto kwa ajili ya polisi wa pande zote mbili. Tatu, pawepo utaratibu wa kuandikisha taarifa za mashahidi waliovuka mpaka ndani ya siku chache za kuwasili kwao, kabla hawajahamishwa.

Waliopita Mulanda mwaka 2008 walivuka wakiwa na kumbukumbu zao. Kuandikisha kumbukumbu za namna hiyo kungegharimu karatasi, kalamu na afisa anayejua kwamba kuungua si kuchomwa.